Mashine ya Maji Kidogo

Kinyozi alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, beseni mbele yake, akisugua shuka la mama yake kabla jua halijapata nguvu. Maji ya sabuni hakuyamwaga. Aliyamimina kwenye ndoo ya choo. Ya kusuuzia yangepiga deki, na kama yangebaki na uso wa kutazamika, yangeloweka matambara. Ndivyo walivyoishi tangu bei ya ndoo ilipoanza kupanda: maji yaliingia kwao yakafanya kazi mpaka yakachoka.

"Mke wa nyumba leo umewahi," alisema Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, akipita na madumu yake kwenda bombani.

"Nikichelewa nitarudishwa kwetu."

"Urudishwe na mahari yote."

Alienda akicheka. Utani huo ulianza pale mama yake kinyozi alipovunjika nyonga, akaletwa kulazwa kwenye kitanda cha sebuleni. Mke wa kinyozi alikanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Alitoka alfajiri, akarudi alasiri. Mashuka ya asubuhi yakawa ya mume. Mwanzoni watu walisogea kuangalia, kisha wakazoea, kama watu wanavyozoea kila kitu.

Siku hiyo shuka lilikuwa moja tu, na hilo lilikuwa na jasho kuliko kitu kingine. Wiki iliyopita alikuwa akifua matatu kwa asubuhi moja. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akalikamua. Nyufa za vidole zikafunguka, sabuni ikaingia ndani.

Vidole hivyo ndivyo vilivyoleta maneno ya mashine. Mteja mmoja wa siku nyingi alishika shavu lake mbele ya kioo, akauliza, "Fundi, unaninyoa au unanipiga msasa?" Watu kwenye benchi walicheka, kinyozi naye akacheka. Mteja yule hakurudi. Sasa alinyolewa kwa kijana aliyefungua ng'ambo ya barabara, mwenye mikono laini na kiti kinachozunguka. Mke wa kinyozi alipopokea zamu yake ya upatu, alisema pesa zile zinunue mashine ya kufulia, ile inayobana maji. "Mikono yako ndiyo duka," alisema. Walilijadili jambo hilo jioni kadhaa pale sebuleni, kwa sauti ya chini, mama akiwa amelala.

Aliingia ndani kuaga.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka."

"Leo kitanda kikavu kabisa."

"Si vizuri?" alisema mama. Sauti yake ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta.

Juu ya kigoda jagi la maji lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Kinyozi aliliona akampa mkewe sifa moyoni. Mwanamke anaamka gizani, na bado anakumbuka jagi.

Mchana wateja walipokatika, alifunga duka akaenda kuiona mashine. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai na uso wa usingizi. Mashine ilisimama katikati ya nyingine, nyeupe, na kibandiko chenye picha ya tone la maji.

"Hii inafua mashuka manne kwa maji unayooshea gari," alisema kijana.

"Sina gari."

"Basi faida yako kubwa zaidi, mzee."

Kinyozi aliinama nyuma ya mashine, akaushika mpira mnene uliojikunja pale. "Ikishafua, maji yanaenda wapi?"

"Yanapita hapo, yanaenda zake."

"Siwezi kuyakinga?"

"Uyakinge ya nini?"

"Ya choo."

Kijana alimtazama kuona kama anataniwa, akaona hataniwi. "Weka ndoo, hakuna ubaya. Ila ujue hutapata mengi. Kubana maji ndiko huko." Kisha akauliza kwa upole, "Presha ya maji kwenu ikoje?"

"Maji yetu hayana presha. Yana foleni."

Kijana alicheka kidogo, usingizi ukamtoka. "Hata kwetu. Basi utafute tangi, liwe juu, mpira ushuke. Ongea na mwenye nyumba. Na bei hii ni mwisho leo, mzee wangu. Mzigo mpya umekuja na kodi mpya. Sikutishi, ndivyo tulivyoambiwa."

Mwenye nyumba hakuna aliyewahi kumwona. Walimwita Tajiri, na kati yake na wapangaji alikaa msimamizi waliyempa jina la Funguo, kwa lile shada la funguo lililomning'inia kiunoni. Kodi ilipita kwake, na bomba la uani, lenye kufuli, lilikuwa lake kufungua na kufunga. Kinyozi alimkuta ameketi kwenye kreti, mguu mmoja juu ya mwingine, akisubiri ndoo ya mtu ijae.

"Tangi?" alisema Funguo. "Mpangaji haweki tangi."

"Dogo tu. Juu ya paa la choo."

"Hilo linataka barua kwa Tajiri. Na barua haitembei kwa miguu yake."

"Nikiitembeza?"

Funguo alifunga bomba, akakung'uta mkono. "Kaka, mimi sina ubaya na wewe. Hebu niambie, mashine yenyewe si ile ya kupunguza maji?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa Tajiri anauza maji, na wewe unamwomba ruhusa uyapunguze. Kwenye nyumba yake ile nyingine kuna mwalimu alileta kama hiyo. Tajiri akasema mwenye mashine alipe maji ya mwezi kwa makadirio. Atumie, asitumie."

"Makadirio ya nani?"

"Ya Tajiri."

"Kwa hiyo nikitumia maji kidogo, nalipa mengi."

"Sikuitunga mimi." Alilisema bila ukali, akitazama chini kwenye tope. "Hata mke wangu anafua kwa mikono."

Kinyozi alirudi dukani, akanyoa watu wachache, akajikata kidole mara moja, akafunga mapema.

Mkewe alikuwa amesharudi, unga umemganda nyweleni, anakunja nguo mezani. Kinyozi alimsimulia yote: mpira, tangi, makadirio. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake iliendelea kukunja shati lilelile ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Basi," alisema. "Heri mashuka yenyewe yamepungua. Leo mchana hajalowesha hata tone. Labda nyonga inaunga."

"Hata mimi nimeona."

"Ila wewe punguza kujaza jagi hadi juu. Nikimgeuza nagonga kigoda, linataka kumwagika."

Kinyozi alimtazama. "Jagi sijazi mimi. Unajaza wewe kabla hujatoka."

"Mimi? Nikitoka ni giza, nalipapasa tu nalikuta limejaa. Nikajua umejaza wewe."

Wote wawili waligeuka kitandani. Mama alikuwa amefumba macho, lakini hakuyafumba kama mtu aliyelala.

Kinyozi alilichukua jagi akalisogeza dirishani. Juu ya maji kulitanda vumbi jepesi, na inzi alikuwa amekufa humo si leo. Akamwangalia mama yake usoni, kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia siku nyingi, maana kila asubuhi alikuwa akiangalia shuka. Midomo ilikuwa imepasuka kama vidole vyake mwenyewe.

"Mama, hujanywa maji tangu lini?"

"Nakunywa."

"Mama."

"Chai mkinipa nakunywa, mkiwa mnanitazama." Alifumbua macho. "Mkienda, inarudi kikombeni. Niliwasikia. Mnadhani mtu akifumba macho na masikio yanafumba. Ndoo imepanda, mikono imepasuka, mashine hii, mashine ile. Kila mtu humu ndani anapunguza kitu. Nikasema na mimi nichangie."

"Hicho si kitu cha kuchangia, mama."

"Wewe ndiye niliyekuwa nakufulia." Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayerudisha kitu mahali pake. "Leo mwanamume mzima anakamua mkojo wangu mbele za watu, wanamwita mke wa nyumba. Dirisha lile liko wazi."

"Ni utani tu ule."

"Najua ni utani."

Mke wa kinyozi alilichukua jagi mkononi mwa mumewe, akafungua mlango, akayamwaga yale maji uani, palepale kizingitini, maji ambayo siku nyingine yangekwenda chooni. Kisha akachukua ndoo mbili.

"Acha, nakwenda mimi," alisema kinyozi.

Foleni ilikuwa imeisha. Funguo alikuwa ameshatoa kufuli mfukoni.

"Mbili, jioni hii? Kuna nini kwenu?"

"Kuna kiu."

Funguo alitaka kusema jambo, akaona uso wa kinyozi, akafungua bomba.

Mama hakukubali kunywa peke yake. "Anza wewe," alisema. Kinyozi akanywa kikombe kizima, mama akanywa nusu. "Na yeye." Mkewe akanywa, mama akamalizia. Wakaenda hivyo, kidogo kidogo, kama watu wanaopatana bei, mke akimshika kichwa kwa nyuma asije akapaliwa.

"Na mashine?" mama aliuliza.

"Hatununui," alisema kinyozi.

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya Tajiri," alisema mkwe wake. "Wewe kunywa."

Nje funguo zililia, kufuli likajifunga, hatua zikaenda. Kinyozi aliingiza mkono chini ya blanketi. Pakavu. Alikaa, akamsimulia mama habari za muuzaji mwenye tai, na maji yenye foleni, na mama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande mwingine uliuma. Akaingiza mkono tena. Pakavu.

"Tumpeleke zahanati?" mkewe alinong'ona.

"Tusubiri kidogo. Ikishindikana, zile pesa za upatu si zipo?"

Walisubiri. Hakuna aliyekunja nguo. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaelekea kwisha pale mama alipogeuza uso, akautazama ukuta.

"Samahani, mwanangu," alisema.

Kinyozi alipapasa. Shuka lilikuwa limelowa, vuguvugu, mpaka kwenye godoro.

"Asante, mama," alisema. Nyuma yake alimsikia mkewe akishusha pumzi ndefu, kisha akipenga kamasi kwa kitambaa.

Walimgeuza pamoja, wakamtandikia jingine. Bomba lilikuwa limefungwa hadi kesho. Alilikunja shuka bichi, akaliweka mlangoni, akarudi kumjazia mama kikombe kingine.