Kipenyo cha Meza ya Bibi

Baada ya kumzika bibi, mama na mjomba waligawana vyombo vyake bila kugombana: sufuria huku, blanketi kule. Ilipobaki meza ya duara ya sebuleni, kila mmoja aliitaka, na hakuna aliyekubali kulegeza kamba. Mwishowe mjomba akamwita fundi seremala aje na msumeno.

Mimi nasomea ualimu wa hisabati. Nilijua kwamba ndugu hawa wamebaki wawili tu, na kwamba kitakachopasuliwa siku ile hakitakuwa mbao peke yake.

"Sasa nipasulie wapi?" fundi akauliza, akiizunguka meza, penseli sikioni. "Ingekuwa na pembe ningeipasua kwa macho. Mviringo huu unanichenga."

"Muulize profesa," mjomba akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Mpwa wangu, tupatie nusu kwa nusu, mama yako asije akanipunja."

"Kupunja ni kazi yako tangu utotoni," mama akamjibu.

Nilichukua uzi. Tumaini langu lilikuwa hili: nikiwaeleza polepole, hasira itapoa. Nikampa mama ncha moja aishike ukingoni, mjomba nikampa ya pili upande wa pili.

"Mkipita pembeni, kipande kimoja kitakuwa kikubwa," nikasema. "Mjomba, sogea. Sogea tena. Uzi unazidi kurefuka, mnaona? Hapo ulipo mrefu kuliko popote, ndicho kipenyo. Nacho lazima kipite kwenye kitovu."

"Kitovu! Kumbe meza nayo ilizaliwa?" fundi akatania. Mjomba akacheka. Mama aliuma mdomo asicheke.

Nikapima kipenyo cha pili, na vilipokatana nikatia alama ya chaki. "Kutoka hapa hadi ukingoni, popote mtu alipokaa, umbali ni uleule. Huo ndio nusukipenyo. Bakuli la bibi lilikaa hapa. Hakuna kati yenu aliyewekwa mbali nalo."

Fundi akaipindua meza, na chini ya alama yangu ukaonekana mguu wake mmoja mnene.

"Hapa pana kazi," akasema. "Mguu ni huu tu, nao uko katikati. Msumeno ukipita, hakuna nusu itakayosimama."

Niliwatazama kwa zamu. Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nikiyangoja.

"Mguu nachukua mimi," mama akasema.

"Thubutu! Upasuliwe nao."

"Mguu ukipasuliwa ni kuni, mzee," fundi akaonya.

"Na ziwe kuni," mjomba akajibu.

Mama alinigeukia mimi, si kaka yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa kitambo nilidhani ataniomba niwazuie.

"Pasua, fundi," akasema. "Mtoto ameshapima."

Vumbi la mbao lilipotulia, mjomba aliinyanyua nusu yake, ikamshinda mlangoni. Mama akashika upande wa pili bila kuombwa. Wakaibeba hadi barabarani, hatua zao zikienda pamoja, nami nikaanza kutumaini upya. Wakaitua.

"Haya, dada," mjomba akasema.

Mama alijifuta mikono kwenye gauni, akarudi ndani peke yake, akafunga mlango kwa komeo mchana kweupe.