Mtumishi wa Wote Hana Mfuko

Nianze na lililo wazi kama jua la saa sita: programu iliyotoka mkononi mwangu haijawahi kukosea. Watu hukosea kuitumia, mtandao hukosea kuifikisha, simu zenye vioo vilivyopasuka hukosea kuionyesha, lakini yenyewe haina neno. Dada yangu, ambaye ndiye mwenye ofisi, kila akinisikia nasema hivi hukohoa. Sijui ana kifua gani yule.

Ofisi yenyewe ni chumba cha mbele cha karakana ya shemeji, mume wa dada. Shemeji ni fundi umeme. Upande wake kuna waya, taa mbovu na feni zilizovuliwa mapanga. Upande wetu kuna meza mbili, kompyuta mbili, na kiti cha mgeni ambacho mguu wake mmoja unategemea kipande cha tofali.

Zamani dada aliajiriwa kwenye kampuni kubwa ya programu. Bosi wake alikuwa akimwita "binti" mbele ya wateja, kisha wateja wakiondoka anamwomba amfungulie barua pepe. Siku dada alipoaga, bosi alicheka. "Nenda kapunge hewa, binti. Kiti chako hatakikalia mtu." Kwa hiyo tulipompata mteja wetu wa kwanza, wote tulijua kilichopo mezani. Akikubali kazi, ofisi inasimama. Akikataa, dada anarudi kwenye kile kiti, na akifika ataitwa binti kabla hajakaa.

Mteja mwenyewe tulimwita Mama Dobi. Ana maduka ya kufulia nguo mtaa huu na ule: unaacha nguo hapa, zinafuliwa kule, unazichukua kwingine. Alitaka tovuti ambayo mtu ataingia kwa simu yake, aandikishe nguo zake, kisha aone zimefika wapi: ziko majini, ziko kambani, au zimeshapigwa pasi.

Dada aliamua kuijenga juu ya kiunzi. Kiunzi, kwa asiyejua, ni mifupa ya tovuti ambayo watu wengine wameshaitengeneza na ikapigwa na shida za kila aina mpaka ikakomaa. Wewe unaweka nyama tu.

"Chukua hivi," dada aliniambia siku ya kwanza, huku anachora kwenye boksi la feni. "Ombi la mteja ni mgeni anayepiga hodi. Mlangoni kuna mlinzi, anauliza nenosiri. Akipita, anakutana na mpokezi. Mpokezi hafanyi kazi yoyote, anajua tu nani apelekwe wapi."

"Kama mjomba kwenye harusi."

"Nyamaza. Mpokezi anamkabidhi kwa mtumishi, na mtumishi ndiye anayejua kazi. Akitaka kitu cha ghalani anamwagiza mtunza ghala, haingii mwenyewe. Mwisho kuna mpambaji. Anachukua jibu likiwa tupu, analivika nguo, linatoka likiwa ukurasa wa kupendeza."

"Na mimi niko wapi hapo?"

"Wewe unaandika kila mmoja afanye nini. Kuwaita si kazi yako, ni kazi ya kiunzi. Unaandika, unakaa, kiunzi kitawaita wakati wao ukifika."

Hapo ndipo mimi na kiunzi tulipoanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Tangu nizaliwe sijawahi kusubiri kuitwa. Kwetu nilikuwa nafika mezani kabla ya sahani.

"Na hili ulishike," dada akaendelea. "Mtumishi tunaye mmoja tu. Waje wateja wawili, waje mia, anayewahudumia ni huyo huyo, tena kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hana mfuko. Cha mteja kinapita mikononi mwake, hakibaki mwilini. Si umeona kwa Mama Dobi? Kibandiko cha jina kinashonwa kwenye nguo, hakishonwi kwenye aproni ya mpiga pasi. Umeelewa?"

"Dada, mimi niliyemaliza sekondari?"

"Ndiyo maana nauliza mara mbili."

Basi tukajenga. Dada alichukua sehemu ngumu, mimi nikachukua sehemu ya kufuatilia nguo, ambayo, tusidanganyane, ndiyo roho ya mfumo. Ikawa karibu imekwisha, dada akaenda kung'oa jino. Nikagundua kwamba mtunza ghala na mpambaji wote wanataka kujua jina la mteja, na mimi nilikuwa nimeishia kulipitisha kwa mpokezi. Kulisogeza vizuri kutoka mkono hadi mkono kulimaanisha kurudi nyuma na kugusa karibu kila nilichoandika wiki ile.

Nikawaza: mtumishi si anaonana na wote? Nikamshonea mfuko. Mdogo tu, wa mstari mmoja. Mteja akiingia, jina lake linatiwa mfukoni mwa mtumishi. Anayelihitaji anachungulia humo. Nikaingia kwa jina langu, nikaandikisha shati, shati likaja. Nikatoka, nikaingia kwa jina la shemeji, nikaandikisha ovaroli, ovaroli likaja. Kazi ya siku nzima nimeimaliza kwa mstari mmoja! Dada aliporudi na shavu limevimba nilimwambia kila kitu kiko tayari. Hakuweza kuuliza maswali, mdomo ulikuwa umejaa pamba. Kila jambo na wakati wake.

Siku ya kuonyesha kazi, Mama Dobi alifika na kaka yake, msimamizi wa tawi la sokoni, mwanamume mwenye koti zito hata kwenye joto. Shemeji alikuwa amefagia mpaka upande wake. Dada alivaa viatu vya kisigino ambavyo sikujua anavyo.

"Mama, karibu," dada alisema. "Sitaki kukuhadithia. Ingia mwenyewe kwa simu yako, kama mteja."

Mama Dobi akaingia. Ukurasa ukamwandikia: Karibu, Mama Dobi. Akatabasamu. Akaandikisha mapazia. Mapazia yakaonekana, yako majini.

"Maneno hayo!" akasema. "Kaka, hebu na wewe."

Kaka mtu akaingia, akaandikisha koti. Likaonekana.

"Sasa mapazia yangu yamefika wapi?" Mama Dobi akabonyeza tena. Tabasamu likashuka taratibu kama bei ya nyanya wakati wa mavuno. "Mbona naitwa Bwana Msimamizi? Mbona nina koti?"

"Koti ni langu," kaka yake akasema.

"Najua ni lako, linanuka hata humu kwenye simu! Nauliza mapazia."

Shemeji akasogea. Ni mtu mwema sana, na watu wema sana wana hatari yake. "Huenda ni simu tu, mama. Ngoja nijaribu na ya kwangu." Akaingia, akaandikisha ovaroli lenye grisi.

Mama Dobi akabonyeza: Karibu, Fundi. Ovaroli lenye grisi, moja. Kaka yake akabonyeza: Karibu, Fundi. Ovaroli lenye grisi, moja. Kwa dakika ile chumba kizima tulikuwa mafundi umeme. Aliyeingia wa mwisho ndiye aliyekuwa mfukoni, na wote waliochungulia walimkuta yeye.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikaribia, nikajiuma shavu.

"Binti yangu," Mama Dobi akasema, na nikamwona dada anashtuka kwa neno lile kama aliyeguswa na waya wa shemeji. "Kwa dobi unaweza kuchelewesha nguo, ukasamehewa. Unaweza kuichujua rangi, ukaomba radhi. Ila ukimpa mtu nguo ya mwenzake, umefunga duka. Kazi yote ya dobi iko hapo tu."

"Naelewa, mama." Dada alikuwa ameshainamia kompyuta, anafungua huku na kufunga kule. "Nipe nafasi nitazame. Mdogo wangu, kuna nini kwenye ufuatiliaji?"

Sasa, msikilizaji mwema angeelewa kwamba sikuwa na muda wa kufikiri. Mdomo wangu ulitangulia, kama kawaida yake.

"Ni kiunzi," nikasema. "Kiunzi chenyewe kina kasoro. Kimeshindwa kubeba watu watatu. Hata mimi nilikuwa nakishuku tangu mwanzo."

Nilitegemea kwamba lawama ikienda kwa watu wasiojulikana, wa mbali, wote tungepumua. Tungesikitika pamoja, tungekunywa chai. Badala yake Mama Dobi akachukua mkoba wake.

"Kumbe mifupa ndiyo mibovu."

"Mama, subiri," dada akasema.

"Nisubiri nini? Ingekuwa ni mtu amekosea, ningesema fumua, shona upya, mimi nimekaa hapa. Wafanyakazi wangu hukosea kila siku na sijamfukuza mtu. Lakini kama kasoro iko kwenye mifupa, kila mtakachoweka juu yake kitapinda. Mimi si wa kupinda, mwanangu. Kaka, twende."

Kaka mtu akafunga vifungo vya koti lake. Dada akasimama na viatu vyake vya kisigino, akanigeukia. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kama mtu anayeangalia basi la mwisho linaondoka.

"Mdogo wangu. Ni kiunzi, au ni mtu?"

Ningesema ni mtu, angeuliza mtu gani, na ofisi ina watu wawili, mmoja wao ndiye anayeuliza. Hesabu hiyo hata aliyefeli anaijua.

"Kiunzi... kwa namna fulani," nikasema. "Ukiangalia kwa undani. Huenda kuna mahali kilisukumwa kidogo. Lakini mimi sikuwapo. Yaani nilikuwapo, ila sikugusa."

"Shemeji," mume wa dada akaniita kwa upole.

"Naam, shemeji."

"Siku mwenzangu alipokwenda kung'oa jino, mimi nilikuwa darini. Juu yako hapo. Kuna ubao nilikuwa nimeuondoa ili nipitishe waya wa taa."

Wote tukatazama juu. Ubao ulikuwa umesharudishwa, lakini msumari wake mpya ulikuwa unameremeta bila aibu.

"Shemeji, hukusema uko juu!"

"Hukuuliza. Ulikuwa unaongea na kompyuta, nikaona nisikatize mazungumzo. Ya kompyuta siyajui. Ila nilikusikia unamwambia mtu humo ndani, 'Ngoja nikushonee mfuko, baba, dada akiuliza mimi na wewe hatujuani.'"

"Mfuko?" dada akauliza. Akarudi kitini, akaiburuta kompyuta yangu kwake, na safari hii hakufungua huku wala kufunga kule. Alijua pa kwenda. "Mfuko! Kwa mtumishi!"

"Ni mdogo," nikasema.

Mama Dobi alikuwa ameshashika kitasa. Akatutazama mmoja mmoja, akamaliza na mimi. "Kwa hiyo mifupa ni mizima?"

"Mizima kabisa, mama," dada akajibu bila kuinua kichwa. "Mbovu ni huyu. Nafumua sasa hivi."

Mama Dobi akarudi, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akaweka mkoba chini. "Haya, fumua. Mapazia yangu nayasubiri hapa hapa. Na wewe, kijana, si ulisema hukugusa?"

"Nilisema sikugusa kwa nia mbaya."

"Hakusema hivyo," kaka yake akadakia, huku anafungua koti.

"Mama, mimi hata sikumbuki vizuri siku ile," nikasema. "Nadhani nilikuwa naumwa. Nilikuwa nimelala mezani, hoi, siwezi hata kusimama."

Shemeji akakuna kidevu. Alikuwa mtu anayejaribu kwa moyo wote kunisaidia kukumbuka.

"Hapana, shemeji, ulisimama. Ulipomaliza ule mfuko wako ulipanda juu ya meza ukacheza."

"Akacheza?" Mama Dobi akauliza. "Anachezaje?"

Shemeji akaweka bisibisi chini, akasogeza feni mbili pembeni apate nafasi, akashika kiuno.