Nyembe Tatu za Loyi

Habari hii nilipewa na Loyi mwenyewe, mwaka wa sabini na tatu, tukiwa kwenye foleni ya sukari pale Bwera. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo alinisimulia yote. Sukari iliisha kabla ya zamu yake.

Ilikuwa miaka minne nyuma. Binti yake Naome alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Kasese, na hakuwa na mtu wa kumkanda wala kumpikia uji. Mtoto alilia siku ya nne mfululizo, na mama yake hajafumba jicho. Basi Kosiya, mume wa Naome, akatumwa Bwera na gari lake kumchukua mama mkwe. Loyi alikuwa tayari tangu alfajiri: ndizi, siagi ya kumpaka mtoto, na nyembe tatu mpya za kumnyoa nywele za kuzaliwa. Alitaka kufika kabla jua halijazama, usiku wa tano usimkute Naome peke yake.

Gari lilisikika kabla ya kuonekana. Ta-ta-ta-ta, kama mwanamke mwenye hasira anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Likapanda kilima likikohoa, likaingia uani, likazimika lenyewe.

Sasa, kwa desturi mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemeshani. Siku zote Naome ndiye aliyekaa katikati na kupeleka maneno huku na huku. Siku hiyo uani palikuwa na kuku mmoja tu.

"Kuku," Kosiya akasema, macho chini, "Naome iko muzima. Mutoto iko muzima. Gari iko mugonjwa."

"Kuku," Loyi akajibu nyuma ya mlango, "uliza mugeni, gari ilikula nini?"

"Ni mimi, kuku. Juzi nilipima valvu zake kule nyumbani, mutoto akilia. Nikasahau kukaza nati. Sasa zote zimelegea. Nitapima upya zote munane, lakini injini ipoe kwanza."

Valvu ni vijilango vya ndani ya injini. Kila kimoja kinataka nafasi ndogo juu yake: ikizidi kinagonga, ikikosekana kinaungua. Loyi alilijua hilo siku hiyohiyo. Aliposikia habari ya kupoa, akaja na mtungi wa maji.

"Kuku! Mutu asimwage maji! Chuma itapasuka!"

Akarudisha mtungi. Wakangoja. Loyi alilitazama jua akiwa jikoni, na Kosiya akalitazama jua lilelile akiwa upande mwingine wa nyumba.

Injini ilipopoa, ikaonekana kwamba Kosiya hakuja na kipimo, kile kibati chembamba cha kupitisha kwenye nafasi ya valvu.

"Kuku, hapa kwenu hakuna wembe? Mupya?"

Loyi akafikiria nywele za mjukuu. Akaweka nyembe zote tatu juu ya kinu, akaondoka, ndipo Kosiya akaja kuzichukua. Valvu za kuvuta hewa alizipima kwa wembe mmoja. Za kutoa moshi alizipima kwa zote tatu pamoja, maana hizo zinapata joto kali.

Lakini lazima mtu azungushe injini kwa hendeli kule mbele wakati mwingine anapima. Bahati nzuri boneti ya gari lile ilifunguka kuelekea mbele, ikasimama kama ukuta. Loyi akafunga kitenge vizuri, akashika hendeli upande wake wa ukuta.

"Kuku, zungusha kidogo."

Loyi akazungusha.

"Simama. Kuku, umepita! Rudi!"

"Kuku huyu iko na miaka hamsini na tano," Loyi akasema. "Hakuzaliwa na hendeli."

Zote nane zikaisha. Kosiya akakaza kila nati mara mbili, akarudisha kifuniko cha valvu, akarudisha na nyembe juu ya kinu. Jua lilikuwa limeinama. Loyi akaenda kwenye kinu, akahesabu.

"Kuku, nyembe ziko mbili."

Akasikia kifuniko kinafunguliwa tena.

"Imeingia ndani ya oili?" Loyi akauliza.

"Mmm."

"Ama imeanguka chini?"

"Mm-mm."

Loyi akashangaa mkwe wake kuwa bubu ghafla. Akasogea ubavuni mwa gari, macho chini, ndipo akakiona kile kioo kidogo cha mlangoni. Akajiuliza kama kutazama kioo ni kutazama uso. Akaamua kioo ni kioo.

Ndani yake kulikuwa na paji la uso lenye oili, macho yanayokaribia kulia, na midomo iliyobana wembe kama fundi cherehani anavyobana pini akaisahau.

"Kuku," akasema, "fungua mudomo."

Kuku hakufungua. Kosiya akafungua, na wembe ukaangukia kiatu chake.

Kifuniko kikarudi, gari likawaka, likanguruma taratibu kama jiwe la kusagia. Loyi akapanda nyuma, kuku mapajani, maana njiani wangehitaji mtu wa kuongea naye. Kosiya akakigeuza kioo kikatazama mbinguni, na kikatazama mbinguni mpaka Kasese.

Walifika jua likigusa milima. Loyi akamkanda Naome, akauchemsha wembe mara mbili, akamnyoa mtoto, akampaka siagi.

"Mama," Naome akauliza, "mumekuja namna gani bila mutu wa kati?"

"Kuku alitusaidia."

"Kuku gani?"

Loyi akamwonyesha sufuria.

Mtoto alilala kabla nyama haijaiva. Naome alikula mapaja yote mawili, akalala na mfupa mkononi. Chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo Kosiya alilala ndani ya gari. Loyi alimwekea sahani yake juu ya boneti, akageuka bila kutazama. Akarudi, akaweka kiganja juu ya kile kichwa kilichonyolewa, akasikiliza. Hakuna kilichogonga popote. Naye akalala.