Asidi ya Kibuyuni

Mwalimu Kagwiria alibakiwa na kipindi kimoja tu cha kujitetea. Miezi mitatu ya majaribio katika sekondari ile ya Kanja ilikuwa imekwisha, na Jumatatu hiyo mkuu wa shule, Bwana Ndambiri, alikuwa nyuma ya darasa na daftari lake, aamue kama atamwajiri au atamfungisha virago.

Somo lilikuwa asidi za kaboksili. Na chupa ya asidi, jamani, ilikuwa kavu!

Kagwiria alitoka mbio hadi jikoni. Ruguru, mpishi wa shule, alikuwa amekumbatia kibuyu cha uji uliochacha siku tatu, wa kumpelekea binti yake aliyejifungua juzi.

"Mama, niokoe na huo uji. Kazi yangu imo humo!"

"Kikombe kimoja tu, mwalimu. Beba kibuyu ukachotee huko, nami nakufuata."

Darasani Kagwiria alichangamka. Aliwaambia wanafunzi kwamba uchachu unaowakunja nyuso ni asidi ya laktiki, na kwamba jamii nzima ya asidi hizi ina mkia mmoja: kaboni moja, oksijeni mbili, hidrojeni moja. Hiyo hidrojeni ya mwisho ni mtoro, haikawii kuchomoka.

"Asidi ikikutana na magadi, hutoka gesi ya kaboni dayoksaidi. Tazameni!"

Furaha ikampanda kichwani. Akasahau kikombe, akatia vijiko vitatu vya magadi kibuyuni kwenyewe. Kisha, kama alivyozoea kwao Ruiri kila mara kabla ya kummiminia mgeni uji, akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi, akakitikisa. Akakitikisa sawasawa.

Wuui! Gunzi liliruka likagonga dari, uji ukalifuata, ukamshukia Bwana Ndambiri kuanzia kwenye upara hadi kwenye tai.

Kagwiria alijua amekwisha.

Bwana Ndambiri alilamba mdomo wa juu polepole. "Hiyo hidrojeni," akasema, "kweli ni mtoro."

Darasa zima likaangua kicheko. Kagwiria naye alicheka hadi machozi, maana afanye nini tena?

Ruguru peke yake hakucheka. "Na binti yangu atakunywa nini?"

"Mwalimu atakuchachushia mwingine," Bwana Ndambiri akamwambia. "Utaupata Alhamisi."

"Alhamisi nitamtafuta wapi, na wewe unamfukuza?"

"Nani kasema namfukuza?" Bwana Ndambiri alipangusa uji kwenye daftari, akaandika. "Alhamisi ana kipindi hapa hapa. Ila siku hiyo mimi nitakaa mlangoni."