Manyoya ya Jogoo wa Kagoma

Jogoo wangu nilimtambua mdomoni mwa samaki wa Amit.

Si jogoo mzima. Ni manyoya mawili tu ya shingo, rangi ya majivu yenye ukingo wa dhahabu, yamefungwa kwenye ndoana iliyomnasa sangara pembeni mwa mdomo. Tulikuwa kwenye miamba ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Bukoba, asubuhi, mimi upande huu na Amit upande ule. Alimwinua yule samaki akanionyesha kwa tabasamu, akaichomoa ndoana taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba, akamrudisha majini. Amit hali samaki, ndiyo mila ya kwao Wahindi. Mama yake, Taraben, hataki hata harufu yake ipite mlangoni. Mtu anavua sangara wa kutosha kulisha kwaya, halafu anamuaga. Hilo peke yake lingetosha kunikasirisha, lakini siku hiyo sikumuwaza sangara. Niliwaza manyoya.

Manyoya yale hayauzwi popote. Jogoo mwenyewe nilimleta akiwa kifaranga, ndani ya kikapu, kutoka kwetu Kagoma, Muleba. Unyoya wake ukilowana ni dagaa mtupu, unameta na kutetema. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa jogoo, lakini mchungaji wetu alipotutembelea nilimnunulia kuku sokoni, na mke wangu Agnetha hakunisemesha siku nzima kwa aibu. Basi kama unyoya wa jogoo yule uko kwenye ndoana ya Amit, umetoka nyumbani kwangu. Na nyumbani kwangu, tangu mwanetu Lameki aondoke, tuko wawili tu, mimi na Agnetha.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, usije ukadhani mimi ni mzee anayegombea kuku. Uvuvi wetu hauna chambo. Unachukua ndoana tupu, unaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, unaifunga manyoya kwa uzi mwembamba mpaka samaki aone mdudu au dagaa. Mdudu huyo wa manyoya sisi tunamwita nzi. Mimi nilifundishwa ujanani na mmisionari mmoja aliyeniachia na fimbo yake ya kuvulia, nami nikamfundisha Amit. Sikumficha kitu. Achukue manyoya ya shingo ya jogoo mzee, maana ya kijana hulegea majini. Asijaze uzi mpaka kwenye tundu la ndoana, aache nafasi ya kichwa. Akirusha, asubiri mshipi unyooke nyuma yake ndipo aupeleke mbele. Wenye haraka huishia kuvua magugu. Na samaki akishika asivute kwa pupa, amwache ageuke kwanza. Alikuwa mwanafunzi mwepesi, na hilo nalo liliniuma.

Sasa, fundo la mwisho. Wapo wanaolifunga peke yao, lakini mimi nilizoea kidole cha mtu wa pili. Mkono mmoja unashika manyoya, mwingine uzi, na kidole hicho kinabonyeza fundo lisiteleze wakati unalikaza na kulipaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ili ligande. Miaka mingi kidole hicho kilikuwa cha Agnetha. Kisha nikamwambia abaki jikoni, kwa sababu alisema sana. Kila fundo kwake lilikuwa limekaa upande. Kazi hii haitaki maneno.

Na sikupungukiwa. Ni kweli viwanda vya siku hizi vinatoboa ndoana matundu madogo, na nyuzi wanazitengeneza nyembamba hata hazionekani, lakini mwaka huu nilivua kuliko mwaka wowote. Nzi wangu walishika sangara hata siku ambazo wenye nyavu walirudi wakinung'unika. Nilijisifu kanisani, nikajisifu sokoni, na zaidi nikajisifu mbele ya Amit, ambaye alikuwa akiitikia tu kwa heshima ya Kihaya, "Hongera, Ta Bartholomayo," huku ameinamisha kichwa. Siku ile miambani nikadhani nimeelewa kwa nini alikuwa akikiinamisha.

Amit ni mgane. Ana duka Miembeni alilorithi kwa baba yake, marehemu Thakorbhai: nyuzi, vifungo, zipu, rangi za kucha. Ana taa ya mezani yenye kioo cha kukuzia. Ana meno yake yote. Na Agnetha, nilipoanza kukumbuka, alikuwa haishi kwenda Miembeni kununua uzi, na nyumbani kwetu hakuna anayeshona.

Nilirudi nyumbani nikamkamata jogoo. Chini ya shingo, mahali palipofichika, manyoya yalikuwa yamepungua. Yalichomolewa kwa upole, mmoja mmoja, na ndege hakuumia. Ni Agnetha tu awezaye hivyo, mimi jogoo hunidonoa.

"Unamtakia nini jogoo?" Agnetha aliniuliza kutoka mlangoni.

"Namsalimia."

"Leo umemkumbuka." Alikuwa amevaa gauni la kitenge analovaa Jumapili, na siku hiyo haikuwa Jumapili. "Nakwenda Miembeni mara moja. Ndizi zako za ebitoke ziko jikoni, zimeshaiva."

Niliona wivu, sitasema vinginevyo. Mtu wa umri wangu, mzee wa kanisa, nilisimama uani nikitamani kulia. Kisha nikamfuata kwa mbali, na kwa hasira nilizokuwa nazo nikasahau kumshusha jogoo. Vijana wa bodaboda waliniona nikipita naye kwapani. "Mzee, unakwenda kuposa?" mmoja akauliza, na wenzake wakacheka. Niliongeza mwendo. Mwenye kuposa alikuwa mbele yangu, ndivyo nilivyojiambia, dukani kwake, ameshaposa zamani.

Taraben alikuwa amekaa mbele ya duka akimenya njegere. "Kuku asiingie humu, baba," akaniambia. Lakini kutoka chumba cha nyuma nilisikia kicheko cha Agnetha, kile cha kukatikakatika, ambacho kwangu sikuwa nimekisikia muda mrefu. Nikaingia na kuku.

Walikuwa wamekaa chini ya ile taa. Jiliwa katikati, Amit mikono yote miwili ikiwa kazini, na kidole cha Agnetha juu ya fundo. Ningewakuta wameshikana mikono nisingeumia zaidi.

"Hayo manyoya ni ya nani?" nikauliza.

"Ya huyo uliyembeba," Agnetha akasema, wala hakukiondoa kidole. "Ngoja kwanza, likauke."

"Na nzi ni wa nani?"

Amit akamwangalia Agnetha, akainama kama kawaida yake. Agnetha akaniangalia mimi. "Wako, Baba Lameki."

Nikamwambia sielewi, na kwa kweli sikuelewa.

"Nzi unaowafunga wewe wanafumuka," akasema. "Macho yamechoka, waitu, na hutaki kuambiwa. Mwaka jana ulikuwa unarudi mikono mitupu, huli, husemi. Nikaona ziwa litakuua ukiwa nchi kavu. Ndipo nikachukua manyoya nikaja kwa Amit. Wakiwa tayari nawaweka kwenye kasha lako la nzi, wako nawatoa."

"Yule sangara niliyempelekea mchungaji?"

"Alishikwa na nzi wa hapa."

"Na yule wa Pasaka?"

"Na yeye."

Nikamgeukia Amit. "Asubuhi mbona nzi huyo ulimtumia wewe?"

"Nilikuwa namjaribu, Ta," akasema polepole. "Kila ninayemfunga namjaribu kwanza, ndipo aingie kwenye kasha lako. Sikutaka ukose samaki kwa kosa langu."

Jogoo akawika mle ndani, na Taraben akasikika akilalamika huko mbele. Kwa desturi yetu mtu wa namna ile ningemchinjia jogoo, na jogoo nilikuwa naye mkononi. Lakini Amit hali nyama. Hata katika shukrani alikuwa ameniziba njia, nikamwonea wivu kwa hilo pia.

Samaki wote wale, sifa zote zile kanisani, vilikuwa vyake, naye alinipongeza kama vyangu. Ungetegemea hilo ndilo liniume. Halikuniuma sana. Nilikuwa natazama kidole.

"Na kidole?" nikamwuliza Agnetha. "Manyoya sawa, nimekubali. Kidole kwa nini?"

"Fundo linahitaji kidole. Si wewe uliyenifundisha?" Akakiinua, akapuliza lile fundo, akalikagua. "Wewe nilikwambia limekaa upande, ukanipeleka jikoni. Yeye nikimwambia limekaa upande, analifungua."

Tulirudi nyumbani, Agnetha mbele, mimi na jogoo nyuma. Vijana wa bodaboda walitutazama, safari hii hawakutania. Nilimwachia jogoo uani. Nikalisogeza jiliwa langu karibu na dirisha, palipo na mwanga, nikaleta kigoda cha pili nikakiweka kando ya changu. Nikamwita.

Alikuja akijifuta mikono, akakaa. Nikafunga manyoya, nikazungusha uzi. Tundu la ndoana sikuliona vizuri, nikakisia. Nilipofika kwenye fundo nikasubiri, naye akaweka kidole.

"Limekaa upande," akasema.

Nikachukua sindano, nikalifungua, nikaanza upya. Akasogea karibu zaidi ili aone, bega lake likanigusa.

"Bonyeza," nikamwambia.

Akabonyeza. Kidole chake kilikuwa bado kinanukia rangi ya kucha ya dukani kwa Amit. Nikalikaza fundo.