Mizeituni ya Kaimu

Maua ya mzeituni yalikuwa yameanza kuanguka, madogo na meupe kama chenga za mchele, na Mwantumu aliyafagia polepole kana kwamba anaogopa kuyaumiza.

"Kila mwaka maua, maua matupu," alisema Seleman, ndugu wa marehemu mumewe, akiwa ameegemea mpini wa shoka. "Shemeji, mti usiozaa unakula ardhi bure. Mvua zikianza, hapa napanda mkorosho."

Neno lilipokwisha kumtoka akatazama pembeni, maana Mwantumu naye hakujaliwa mtoto.

"Na ukizaa?"

"Ukitoa hata tunda moja, mimi na shoka langu tutapita mbali."

Kaimu, mumewe Mwantumu, alikuwa amerejea kutoka vitani, nchi ya Palestina, na vipandikizi viwili vya aina mbili, amevifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya kopo la bati. Alikuwa mtu wa haki kwa wake zake hata haki yenyewe ikawa kero. Siku aliyopata doti moja tu ya khanga, aliikata katikati, kila mke akabaki na upande. Miti nayo aliigawa hivyo hivyo: mmoja kijijini Likunja kwa Mwantumu, mmoja kijijini Mtua kwa Ashura, bi mdogo. Tangu alipozikwa, wajane hao hawakuwa wamesemezana. Kila mmoja alikuwa analia upande wake.

Seleman alipoondoka, Mwantumu alitazama vidole vyake. Vilikuwa na vumbi la manjano la maua. Akakumbuka mahindi mekundu ya jirani yalivyoyatia madoa mahindi yake meupe, vumbi lake likiletwa na upepo, ingawa mashamba yao yalitenganishwa na njia. Akamkumbuka na Kaimu akicheka: kule, kati ya safu za mizeituni ya aina moja, wakulima huchomeka mti wa aina nyingine. "Hata miti yao haiwezi kukaa bila mgeni!" Alicheka, wala hakuuliza kwa nini.

Kesho yake Mwantumu alikata tawi lenye maua mabichi, akalifunga katika upande wake wa khanga alioulowesha maji, akapanda lori la ufuta hadi Nachingwea. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu hadi Mtua.

Ashura alikuwa akipepeta ufuta uani. Alipomwona mgeni wake aliuweka ungo chini.

"Karibu, dada. Umekuja kuona kama nimeolewa?"

"Nimekuja kuona mti wako."

"Ule ninaofungia mbuzi?"

Ulikuwa mrefu kuliko wa Likunja, majani yake mapana zaidi, na maua yameujaa tele.

"Unazaa?"

"Ungezaa ungesikia. Majivuno yangu yangekufikia kwa lori zima."

Mwantumu alifungua khanga, akaeleza habari ya shoka, ya mahindi, ya mgeni kati ya safu. Ashura alisikiliza, kisha akacheka kicheko kifupi.

"Kwa hiyo alitugawia sawasawa mpaka miti ikakosa wenzake."

"Hakujua."

"Zamu yake ilipokuwa kwako, mimi nilikuwa nazungumza na mti huu."

"Nami nilizungumza na wangu."

"Ulikuwa unauambia nini?"

"Nilikuwa nakusengenya."

Safari hii walicheka pamoja. Wakalipukutisha tawi la Likunja juu ya maua ya Mtua, vumbi likiwashukia mabegani, na mbuzi akapiga chafya. Kisha Ashura akakata tawi lake, akaingia ndani, akatoka na upande wa khanga wenye nakshi ya korosho. Mwantumu aliitambua nakshi hiyo kabla haijakunjuliwa.

"Lori lako ni la kesho," alisema Ashura akilifunga tawi. "Ndani kuna kitanda kitupu."

Aliporudi Likunja, Mwantumu aliupukutishia mti wake vumbi la mgeni, kisha akatandaza khanga mbili juu ya uzio, ukingo kwa ukingo, pale mkasi wa Kaimu ulipokwenda upogo. Upepo ulizitikisa pamoja.

Seleman alipita, akasimama.

"Shemeji, hii ya pili ni ya nani?"

"Ya mwenzangu," alijibu Mwantumu, bila kuyaondoa macho yake matawini. "Mvua zikianza atakuja kuichukua, na kuona tunda."