Mabango ya Wadi ya Ghorofani

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya kuwasha mashine, Ayub aliifuta meza kwa kitambaa chenye spiriti, akafunga madirisha yote mawili ya karakana, kisha akaanza kuziba matundu.

Meza yenyewe ni ya bati nene, pana kama kitanda cha watu wawili, nayo imetobolewa matundu madogo madogo kila mahali. Chini yake kuna pampu inayovuta hewa. Ukilaza bango juu ya meza, pampu hulivuta likashika, halafu kichwa cha mashine hupita juu yake kikinyunyiza wino bila kuligusa. Nafasi kati ya kichwa na bango haizidi unene wa sarafu mbili. Bango likiinuka kidogo tu, kichwa kinaligonga, wino unapakazika na kazi inakuwa ya kutupwa. Matundu yaliyobaki wazi kandokando nayo lazima yazibwe, la sivyo hewa inakimbilia huko kwa kasi na kuyapeperusha matone ya wino kabla hayajatua. Ndiyo sababu ya kufunga madirisha. Jescah, mwenye karakana, angekusamehe kuchelewa, angekusamehe hata kumvunjia kikombe chake cha chai, lakini si kufungua dirisha mashine ikiwa kazini.

Ayub alizibia matundu kwa mabaki ya mabango ya zamani. Siku hiyo vipande vilitoka kwenye bango la uzinduzi wa mtambo wa oksijeni wa hospitali. Kimoja kilikuwa na neno PUMUA, kingine kilikuwa na nusu ya tabasamu la mheshimiwa. Bango hilo lilichapwa mwaka uliotangulia, mheshimiwa akakata utepe, watu wakala wali na nyama, na mtambo ungali ndani ya masanduku yake ya mbao nyuma ya jiko la hospitali, umefunikwa turubai. Kuku hutaga chini ya turubai hilo. Si siri, maana kila anayekwenda kumwona mgonjwa hupita hapo.

Kazi ya kwanza ilikuwa bango la matanga la Mwalimu Immaculate. Mwanawe, Wanyonyi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kwenye ndevu, alikuwa ameketi kwenye benchi akiwa na koti mapajani. Sydney, anayepanga picha kwenye kompyuta, alimuuliza mama alikuwa amelazwa wapi.

"Pale juu," Wanyonyi alisema. "Wadi ya ghorofani."

Sydney akageuka. "Buda, huyu ni wa juu."

Ayub akaitikia kwa kichwa na kuusogeza mkono karibu na swichi ya pampu.

Mashine ikaanza. Ikatoa nywele za mwalimu, paji la uso, miwani, kisha pua. Kichwa kilipokwisha kuipita pua, bango likainuka katikati. Liliinuka polepole, kama upana wa kidole, likasimama hapo kwa muda, halafu likashuka kwa sauti nyembamba ya mluzi. Ayub akasimamisha mashine. Wanyonyi aliondoka kwenye benchi, akaja kusimama kando ya meza na kuangalia.

"Ndivyo alikuwanga anafanya siku ya mwisho," alisema. "Anavuta, anangoja, halafu anaachilia."

"Pole sana," Ayub alisema.

"Asante. Itakuwa tayari saa ngapi? Gari la mochari linatungoja."

Humo karakanani kulikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyeiandika: kichwa kikishapita pua, ongeza pampu. Waliofia nyumbani kwao, waliofia barabarani, waliokufa kwa uzee, wote walilala bapa tangu unywele wa kwanza hadi jina la mwisho la vitukuu. Wa wadi ya ghorofani tu ndio waliopumua. Hapo mwanzo Jescah alidhani pampu imechoka, akamwita fundi kutoka Kisumu, mwanamke mmoja aitwaye Adhiambo. Adhiambo alifungua pampu, akaosha chujio, akapima nguvu ya mvuto, kisha akaomba apewe marehemu wa kawaida. Wakampa mzee mmoja wa Lurambi aliyefia usingizini. Mzee akalala meza nzima bila kutikisika.

"Pampu iko sawa," Adhiambo alisema akikusanya spana zake. "Shida iko kwa wateja."

Akanywa chai, akarudi kwao.

Basi Ayub akaongeza pampu. Kifua cha mwalimu kiliinuka, kikashuka, kikainuka kidogo kuliko mwanzo. Ayub alibonyeza kingo kwa viganja vyake. "Tulia, mwalimu," alisema. Kikajaribu tena, kikashindwa, kikashikana na meza. Mashine ikaendelea na kumaliza vizuri. Picha ilitoka safi hata nyuzi za sweta ungeweza kuzihesabu, na haikupumua tena. Wanyonyi alilikunja bango, akashukuru, akaenda zake.

Kila mara kazi hiyo ilimuuma Ayub. Alijiona kama mtu anayemalizia kilichoanzwa na wengine kule juu, tena kwa mikono iliyonawa. Hakuwahi kumwambia mtu. Jioni alikwenda nyumbani Shieywe, akapika, akala peke yake, akalala.

Alikuwa akila peke yake kwa sababu Fauzia, mkewe, alikufa katika wadi hiyohiyo msimu wa mvua za masika. Alikuwa muuzaji wa nguo za watoto sokoni, mwanamke wa kucheka kwa sauti, aliyemtania mumewe kwamba ndiye mwanamume pekee Kakamega anayelipwa kwa kufunga madirisha. Kifua kilimshika ghafla. Wadini kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni uliozungushwa kitanda hadi kitanda. Ulipofika kwake, Sista Cherop aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha, na mshale ukabaki umelala.

"Umeisha," sista alisema. Alikuwa akilia. "Mwingine tuliitisha tangu wiki jana."

"Ayub," Fauzia alisema, "fungua dirisha."

Akafungua. Alifungua la karibu, akafungua la pili, akafungua yote ya ghorofa hiyo mpaka upande wa wanaume, na hewa ikaingia, baridi, safi, hewa ya bure kutoka upande wa msituni, ikapeperusha mapazia na karatasi za madaktari. Hewa ilikuwa tele. Fauzia aliivuta, akangoja, akaachilia, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho, kufungua dirisha. Alizikwa Matungu siku hiyohiyo kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi ya watu wao. Hapakuwa na mochari wala bango.

Kwanza Ayub alimshukuru Mungu kwa desturi hiyo, kwamba mkewe hatalala juu ya meza ile. Baadaye fikira ikamgeukia. Wote wa wadi ile walipewa nafasi ya kupumua mara chache mbele ya jamaa zao, hata kama ni yeye aliyewakatiza. Fauzia hakupewa. Ayub alitaka kumsikia akipumua, basi, hakutaka kingine. Ila alijua kanuni ya karakana, na alijua kwamba mkono wake haungeweza kuisogeza ile swichi.

Alikuwa na picha moja ya Idi kwenye simu, Fauzia akirekebisha mtandio, mdomo wazi kwa kicheko. Sydney aliitengeneza Jumamosi bila kuuliza maswali. Aliondoa vivuli tu. Kicheko hakukigusa.

Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, Ayub aliingia kwa ufunguo wake. Alilaza bango jeupe mezani, akalishika pembe kwa selotepu. Pampu hakuiwasha. Aliondoa vipande vyote alivyokuwa amezibia matundu, PUMUA na tabasamu na vinginevyo, akavirundika sakafuni. Akakipandisha kichwa cha mashine mpaka kikakataa kupanda zaidi, mbali sana na bango, ambapo fundi yeyote angemwambia wino hautatua mahali pake. Halafu akaenda kwenye madirisha. Komeo la dirisha la pili lilikuwa limeshika kutu, akaligonga kwa kisigino cha kiatu hadi likaachia. Sauti za kwaya ya kanisa la jirani zikaingia pamoja na upepo.

Mashine ikaanza. Mtandio, paji, macho, pua. Bango likainuka.

Alidhani amejiandaa. Alikaa chini sakafuni, mkono mmoja kwenye ukingo wa meza, akalia kama mtoto, na juu yake Fauzia akavuta, akangoja, akaachilia. Upepo uliyachukua matone na kuyatua ulipotaka. Uso ulitoka na ukungu, kama mtu unayemwangalia kupitia chandarua. Mteja yeyote angeikataa kazi hiyo palepale. Ayub hakuona kasoro.

Hakulikunja bango, maana mtu anayepumua hakunjwi. Alililaza juu ya ubao, akajitwika, akatembea kwa miguu hadi Shieywe. Watu wa boda boda walimpisha. Jirani yake, aliyekuwa akianika nguo, akauliza, "Ni Fauzia?"

"Ndiye."

"Msalimie."

Jumatatu Jescah aliona vumbi kwenye reli ya mashine, akauliza nani alifungua dirisha. Ayub akasema ni yeye. Jescah akachukua kitambaa, akaifuta reli mwenyewe.

Siku chache baadaye mama yake Fauzia alikuja kutoka Matungu na unga wa kusongea obusuma, ugali wa kwao, na kuku aliyefungwa miguu. Kwa watu wao, mama mkwe hakanyagi chumba cha kulala cha mkwewe, wala hakai naye kiti kimoja. Alikaa karibu na mlango wa nje. Picha ilikuwa imetundikwa chumbani, kando ya dirisha, na nyumba ilikuwa ndogo, kwa hiyo alianza kuisikia kabla ya chai kumiminwa.

"Nimesikia umemtengeneza Fauzia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Picha ya mtu amekufa sisi hatuwekangi kwa ukuta."

"Najua, mama."

Nyuma ya pazia la mlango picha ilivuta, ikangoja, ikaachilia.

"Mimi sitaiangalia," mama alisema hatimaye. "Na chumba chako siwezi ingia. Ilete hapo kwa mlango. Nitageuka."

Ayub akaileta, akasimama akiishika kwa mikono miwili. Mama aliwapa mgongo, akajifunika macho kwa leso na kusikiliza. Alisikiliza mpaka chai ikapoa na kuota utando. Kuku alijikung'uta sakafuni, akatulia.

"Hiyo ya kungoja katikati," mama alisema, "hakuzaliwa nayo. Nilimlaza kifuani kwangu nikiwa msichana, najua. Alikuwanga anapumua moja kwa moja, vizuri, kama mtoto wa mtu yeyote. Hiyo ya kungoja walimpatia huko."

Machozi yalimdondoka Ayub, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika picha, hakuyafuta.

"Usimfungie dirisha," mama alisema.

"Sifungi, mama."

Mwezi uliofuata hospitali ilileta oda. Mtambo wa oksijeni ungezinduliwa tena, safari hii rasmi, na mheshimiwa mwingine. Bango lilikuwa lilelile, uso tu ndio uliobadilika. Ayub alililaza mezani, akawasha pampu kidogo, na kabla hata mvuto haujashika, bango lilikuwa limekwisha kulala lenyewe, kila pembe mahali pake. Kichwa kikapita pua ya mheshimiwa, kikapita mdomo, kikapita tai.

"Huyu hata hahemi," Sydney alisema.

Meno yalitoka safi kabisa. Siku ya uzinduzi kuku walifukuzwa nyuma ya jiko, masanduku yakavikwa turubai jipya, utepe ukakatwa, na jioni kuku wakarudi. Huko karakanani Ayub alikata mabaki ya bango vipande vipande, akavipanga kando ya meza, tayari kwa kuzibia matundu.

Hakuwa amemaliza kuvipanga alipoingia mwanamke mmoja wa makamo, simu mkononi, picha ya mumewe kwenye kioo. Jescah alimuuliza mume alikuwa amelazwa wapi, naye akaonyesha juu kwa kidole.

Ayub akamkaribisha kwenye benchi. Tangu ile Jumapili alikuwa na swali analowauliza wote wa huko juu, akamuuliza na huyu.

"Mama, unataka aonekane vizuri, ama unataka apumue?"

Mwanamke aliitazama meza, akayatazama matundu, akaitazama picha ya mumewe.

"Watu wake wanatoka mbali," alisema. "Watataka kuona uso."

Ayub akainuka, akafunga madirisha.